Kabla hujasaini, mwanangu

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wamekuletea mkataba wa katuni yako ya Nguchiro, vipande sita, kwa fedha ambayo wewe unaiona nzuri, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu ukauliza: "Mama, wewe na baba mlikuwa mkituhadithia habari za Disney tangu tuko wadogo. Wale walifikaje pale? Ni tarehe ipi hasa iliyowafikisha?" Nimeona nisikujibu kwa simu, maana jambo hili nataka ulisome zaidi ya mara moja.

Watu wengi watakutajia 17 Julai 1955, siku Disneyland, bustani yao ya burudani, ilipofunguliwa kule Anaheim, California. Wengine watakutajia Juni 1994, Simba wa *The Lion King* alipoingia sinema. Hizo ni siku za sherehe. Mimi nimeshika vitabu vya hesabu miaka 31, na macho yangu hayaachi kutafuta siku za kusaini.

Ya kwanza ni 16 Oktoba 1923. Walt Disney alikuwa hajatimiza miaka 22. Studio yake ya mwanzo, Kansas City, ilikuwa imefilisika mwaka huohuo, akapanda treni kwenda California na filamu moja ya mfano, ya mtoto wa kike wa kweli anayeingia katika ulimwengu wa katuni. Kaka yake Roy, aliyemzidi miaka minane, alikuwa hospitalini Los Angeles akitibiwa kifua kikuu. Siku hiyo Walt akapata mkataba na Margaret Winkler, msambazaji wa filamu wa New York: dola 1,500 kwa kila filamu, kwa zile sita za mwanzo. Roy akatoka hospitali, baba yao mdogo akawakopesha dola 500, wakaanza kazi. Wakajiita Disney Brothers, yaani kampuni ya ndugu wawili. Mpaka leo kampuni ile huhesabu umri wake tangu siku ya mkataba ule.

Tarehe ninayotaka uilalie na kuiamkia, lakini, ni ya 1928. Mwaka uliotangulia Walt na wachoraji wake walikuwa wamemtengeneza sungura anayeitwa Oswald. Sungura akapendwa. Winkler alikuwa ameolewa na Charles Mintz, na mume ndiye aliyeshika biashara sasa. Mwanzoni mwa 1928 Walt akaenda New York na mkewe Lillian, akitarajia kuongezewa malipo. Mintz akamwambia atapunguziwa. Walt alipokataa, ndipo akaelezwa yaliyokuwa yameshapangwa nyuma ya mgongo wake: wachoraji wake karibu wote walikuwa wamekubali kumfuata Mintz, na Oswald mwenyewe hakuwa wa Walt hata kidogo. Kwa maandishi, sungura alikuwa mali ya Universal, kampuni ya filamu.

Fikiria, mwanangu. Umemchora kiumbe kwa mkono wako, umempa mwendo wake na macho yake, watoto wanamwita kwa jina, halafu unaambiwa si wako wala hajawahi kuwa wako. Na hakuna wizi uliofanyika. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi aliyoisaini yeye.

Alirudi nyumbani na mikono mitupu. Ub Iwerks, mmoja wa wachache waliobaki naye, akakaa chini wakamtengeneza panya, Mickey. Filamu ya kwanza ya Mickey haikupata msambazaji. Wakamtia sauti, sauti inayokwenda sambamba na picha, na tarehe 18 Novemba 1928 *Steamboat Willie* ikaonyeshwa katika ukumbi wa Colony, New York. Hiyo tarehe wanaisherehekea kama siku ya kuzaliwa Mickey. Mimi nakwambia Mickey alizaliwa mle ofisini kwa Mintz. Tangu hapo Walt hakukubali tena mhusika wake aandikwe jina la mtu mwingine.

Na angalia matunda yake. Muda si mrefu mtu mmoja alimlipa dola 300 apate ruhusa tu ya kuweka sura ya Mickey kwenye madaftari ya shule. Mwaka 1933 zikatoka saa za mkononi zenye Mickey. Oswald angekuwa bado ndiye anayependwa, fedha zile zingekwenda mfuko mwingine. Kwa hiyo ukiona kwenye mkataba wako maneno "bidhaa zote zitokanazo na mhusika", usiyapite haraka. Hayo ni madaftari, mikoba, kanga, vikombe na midoli.

Mengine nitayapita kwa haraka. Tarehe 21 Desemba 1937 walionyesha *Snow White*, filamu iliyowagharimu kama dola milioni moja na nusu. Watu wa Hollywood walikuwa wameiita upuuzi wa Disney, na Roy ndiye aliyekwenda benki kuomba mkopo wa kuimalizia. Mwaka 1940 wakauza hisa kwa umma. Mei 1941 wachoraji wakagoma, wakidai mishahara ya haki, majina yao yaonekane kwenye filamu, na chama chao kitambuliwe. Hilo likumbuke utakapokuwa na vijana wako wanne pale studio. Nao wanahitaji karatasi.

Kwenye Disneyland nitasimama kidogo, kwa sababu mhasibu hawezi kuipita. Walt alikopa hata kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Fedha haikutosha. Televisheni ya ABC ikatoa dola nusu milioni, ikadhamini mikopo ya milioni 4.5, na kwa malipo ikapata zaidi ya theluthi moja ya bustani na kipindi cha Disney cha kila wiki. Siku ya kufungua ilikuwa balaa: tiketi za kughushi, joto kali, lami mpya ikilainika chini ya viatu vya watu. Lakini mwaka 1960 wakainunua tena ile theluthi kwa dola milioni 7.5. Ghali, utasema. Bado walifanya vizuri. Mwaka 1996 wakaja kuinunua ABC yenyewe pamoja na kampuni mama yake, kwa dola bilioni 19.

Sasa Roy. Uliniuliza siku ile kwa nini nashikilia kaka yako akae na wewe kwenye mazungumzo, wakati yeye hajui kuchora hata kuku. Walt alifariki 15 Desemba 1966. Roy alikuwa na miaka 73, amejiandaa kustaafu, na mdogo wake ameacha maelfu ya ekari za vinamasi Florida na mpango wa bustani nyingine ambayo haijaanza kujengwa. Roy hakustaafu. Alitafuta fedha, akajenga, na tarehe 1 Oktoba 1971 akafungua. Akasisitiza paitwe Walt Disney World, na si Disney World tu, ili watu wajue ndoto ilikuwa ya nani. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo naye akafariki. Kila nikifika hapo nanyamaza. Miaka mingi jina la kampuni lilikuwa limebaki la Walt peke yake, na kaka mtu alikuwa sawa na hilo.

Nisikufiche upande wa pili, maana hawa hawakuwa malaika, na sisi waswahili tumo ndani ya habari yao. Wewe na kaka yako mliuona mkanda wa *The Lion King* kwa jirani yetu, mkarudi mnacheka kwa sababu Wazungu wanasema "asante sana" na nguruwe wao anaitwa Pumbaa. "Hakuna matata" kila mtoto wa Pwani alikuwa ameshaisikia. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliiimba 1982. Mwaka 1994 Disney waliomba Marekani maneno hayo yawe alama yao ya biashara kwenye mavazi, na mwaka 2003 yakasajiliwa. Desemba 2018 watu kwa makumi ya maelfu walitia saini kupinga. Kweli, hakuna anayeweza kukuzuia kuyatamka. Lakini mimi inaniuma kuona msemo wa watu wote ukiandikwa kwenye daftari la mmoja.

Na mzee Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi *Mbube* mwaka 1939, akaiuza haki kwa kampuni ya kurekodi ya Gallo kwa shilingi 10. Akafa maskini 1962. Wimbo uliozaliwa na ule wake ukazunguka dunia nzima, ukaingia pia katika filamu ya Simba. Mwaka 2004 binti zake wakafungua kesi dhidi ya Disney, na Februari 2006 wakafikia makubaliano na kampuni iliyokuwa imewapa Disney ruhusa ya wimbo, ndipo familia ikaanza kupata chake.

Sijui kama uliwahi kuona jambo hili: Februari hiyohiyo ya 2006 Oswald alirudi nyumbani. Disney walimwachia mtangazaji mmoja wa michezo, Al Michaels, ahamie televisheni ya NBC, iliyokuwa kampuni moja na Universal, na katika mabadilishano yale wakarudishiwa haki za sungura wao. Miaka 78 baadaye. Walt na Roy wote wako kaburini. Hata haki za Mickey nazo zina mwisho wake: yule wa 1928, baada ya miaka 95, tangu 1 Januari 2024 ni wa kila mtu huko Marekani.

Unajua kwa nini nayajua haya yote? Baba yako. Kabla hujazaliwa alimchorea mfanyabiashara mmoja jogoo wa kubandika kwenye maboksi ya sabuni. Alilipwa fedha ya siku mbili, akasaini risiti iliyoandikwa kwa mkono, "mchoro umeuzwa." Jogoo yule alikaa kwenye maboksi miaka kumi na zaidi. Tulikuwa tukienda dukani, na baba yako hakuwahi kununua ile sabuni, wala hakuwahi kuisema vibaya. Aligeuka tu akatazama mlango. Ni yeye aliyeanza kunisomea habari za Oswald usiku.

Kwa hiyo usisaini bado. Waandikie kwa adabu kwamba unahitaji wiki mbili zaidi. Mwenye nia njema atakupa. Nataka tuone imeandikwa wazi Nguchiro ni wa nani. Kama wanamkodi, ni kwa miaka mingapi, na wasipomtumia anarudi lini kwako. Nataka tuone bidhaa zimegawanywaje, na vijana wako wamewekwa wapi. Fedha tutaizungumza mwisho, ingawa najua kodi ya studio imekubana. Kama ni kodi tu, niambie, nina akiba kidogo ya kiinua mgongo.

Njoo Jumamosi kwa basi la asubuhi, wewe na kaka yako. Leta karatasi zote, na ile nyongeza uliyosema hukuisoma. Leta pia daftari lako la zamani, lile la michoro ya kwanza ya Nguchiro lenye tarehe. Nitaliweka kwenye sanduku la baba yako.

Mama yako