Pima silinda kabla hujaagiza pistoni

Ukipitisha ukucha ndani ya silinda ya injini kuukuu, karibu na mdomo wa juu utakwama kwenye kingazi kidogo. Kingazi hicho kinathibitisha kwamba silinda imelika, lakini hakikuambii imelika kiasi gani wala upande upi. Kuamua kwa kidole kama injini inahitaji ringi mpya tu (pete za pistoni), boringi (kuchonga silinda iwe pana) au slivu (bomba la chuma linalowekwa kuwa ukuta mpya) ni kubahatisha, na bloku ya gari la zamani haipatikani kirahisi ukishaiharibu.

Osha bloku na ukwangue masizi yote, ila kingazi chenyewe usikikate kwanza. Chuma kilicho juu yake hakijawahi kuguswa na ringi, kwa hiyo ndicho kinachotunza kipenyo cha mwanzo. Chini kabisa ya silinda, ringi zisikofika, kuna ushahidi wa namna hiyo hiyo. Bloku ikitoka kuoshwa kwa maji ya moto, iache ipoe vizuri. Chuma cha kusubu chenye kipenyo cha mm 100 hutanuka takriban mm 0.001 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo bloku ya nyuzi 60 itakudanganya kwa mm 0.04 hivi ukilinganisha na nyuzi 20.

Kifaa kinachofaa zaidi ni geji ya saa ya silinda, yaani kipimio chenye mshale, iliyowekwa sifuri kwa maikromita. Kaliper ya venia iweke kando. Taya zake hazitoshi kwa kazi hii. Geji ikiwa ndani, iyumbishe taratibu mbele na nyuma: pale mshale unapogeuka ndipo kipimo kilipo kidogo kuliko vyote, na hicho ndicho cha kuandika. Pima ngazi tatu, yaani chini tu ya kingazi, katikati, na chini ambako ringi hufika mwisho. Kila ngazi ipime mara mbili, sambamba na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kuikata kranki kwa pembe mraba. Injini ya silinda nne itakupa namba 24. Ziandike zote.

Tofauti ya juu na chini ni mchongoko. Tofauti ya pande mbili katika ngazi moja ni umbo la yai. Juu huliwa zaidi kwa sababu hapo shinikizo la moto husukuma ringi ukutani, mafuta ni haba, na pistoni husimama kabla ya kugeuka. Upande unaokata kranki huliwa kwa sababu konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, huisukuma pistoni kando.

Kiwango cha mwisho kitafute kwenye kitabu cha injini hiyo. Kisipokuwepo, kwa silinda za kipenyo cha mm 75 hadi 100 mchongoko wa mm 0.20 ni mahali pa kuacha kutegemea ringi mpya. Ringi iliyo kwenye mchongoko huo hufunguka na kufunga mm 0.63 kwenye mwanya wa ncha zake kwa kila safari ya pistoni, kwa kuwa mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Itachoka mapema na injini itaanza kula mafuta. Na ukitia ringi mpya bila kuondoa kingazi, ringi ya juu inaweza kukigonga na kuvunjika.

Huna geji? Ingiza ringi moja, inyooshe kwa pistoni iliyogeuzwa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia) juu na chini. Mwanya wa 1.05 juu na 0.55 chini una tofauti ya 0.50, gawa kwa 3.14, upate 0.16. Njia hii inaonyesha mchongoko vizuri, lakini umbo la yai hulioni.

Sasa hesabu inayowakosesha wengi. Silinda imelika mm 0.30, mtu anaagiza pistoni za ovasaizi 0.50, yaani kubwa kuliko za awali kwa mm 0.50. Kama ulaji wote uko upande mmoja, na mashine inafuata kitovu cha awali kama inavyopaswa, nusu kipenyo lazima kiongezeke 0.30, yaani kipenyo kiongezeke 0.60. Ya 0.50 itaacha alama ukutani, unahitaji 0.75.

Angalia pia kama bloku ilishachongwa. Ford Model A ilitoka na silinda ya inchi 3.875, ambayo ni mm 98.43. Ukikuta 98.93 juu ya kingazi, hiyo tayari ni ovasaizi ya inchi 0.020.

Pistoni zikifika, zipime kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), kukata pini inayoishika pistoni kwenye konrodi, kisha fundi wa mashine achonge kila silinda kwa pistoni yake. Ukibadilisha pistoni za chuma kwa za aluminiamu, usitumie nafasi ya zamani kati ya pistoni na ukuta: aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na pistoni itakwama injini ikipata moto. Fuata nafasi aliyotoa mtengenezaji wa pistoni. Kama kuta zimeliwa na kutu upande wa maji, usiendelee kuzipunguza; weka slivu urudi standadi, yaani kipenyo cha awali.