Kabla hujasaini, uliza saa inaanza kuhesabu lini

Mwezi uliopita binti wa miaka 19 alinifuata ninaposhonea, hapa mtaa wa Sakina, Arusha, akiwa na bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba cheti cha kuzaliwa. Sauti yake naijua, nimemsikia kwenye harusi mbili. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa kurasa sita kutoka kwa mwenye studio mmoja hapa mjini.

"Dada, wananitaka Jumamosi nikasaini. Unaonaje?"

Nikamuuliza kama ameusoma. "Nimeupitia kidogo. Ila kwa kweli wamenisaidia sana."

Wazazi wake walikimbia vita Kongo. Wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, na mimi nikazaliwa mwaka 1987 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Ndiyo maana neno hilo, "wamenisaidia", lilinikaa moyoni nikashindwa kuendelea na cherehani. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini hulelewa kwa shukrani. Nyumbani tuliambiwa kila siku: sisi ni wageni, msiwaudhi wenyeji, mkipewa pokeeni kwa mikono miwili. Ni malezi mazuri na sijutii kulelewa hivyo. Lakini mbele ya mkataba wa muziki, malezi hayo yanaweza kukugharimu ujana wako wote.

Wengi mnaifahamu Kwaya ya Barabara ya 13. Ilitoka kwetu, Ulyankulu, ambako barabara zilijulikana kwa namba. Kwa hiyo kuimba sikufundishwa na mtu, nilikukuta. Nilipokuja Arusha mwaka 2006 kwa shangazi yangu, nilikuja na daftari la nyimbo na hofu ya kuulizwa vibali. Wakati ule mkimbizi alipaswa kuwa na kibali ndipo atoke makazini, na mimi changu kilikuwa kimeisha siku nyingi. Nilijitambulisha kama Mnyamwezi wa Urambo. Jina la Kirundi alilonipa bibi nilikuwa silitamki hata kwa jirani.

Mwaka 2009 mwenye studio mmoja alinisikia nikiimba kanisani. Alinilipia nauli, akaninunulia viatu vya shoo, akaniambia mambo ya karatasi zangu nisiwe na wasiwasi, ana watu wake. Kisha akatoa mkataba. Nilisaini nikiwa nimesimama, kalamu yake, juu ya spika. Nakala sikupewa wala sikuomba. Ningeombaje? Ningeonekana sina shukrani.

Tulirekodi nyimbo nne. Mmoja ulipigwa redioni wiki chache, kisha kimya. Nikienda studio naambiwa tusubiri, albamu inakuja. Prodyuza mwingine akinitaka kwa kolabo naambiwa mimi nina mkataba. Hela za harusi tuligawana, na fungu langu ndilo lilikuwa dogo. Daftari langu lilibaki kwenye droo ya studio. Siku moja, ndani ya kifodi, ile daladala ndogo, cha kwenda Kwa Mrefu, nikasikia kiitikio changu kikiimbwa na sauti nyingine. Konda alikuwa anakifuatisha. Nilishuka vituo vitatu kabla ya kwangu nikatembea kwa miguu, kwa sababu sikutaka watu wanione nikilia.

Uraia tulipewa mwaka 2014, pamoja na Warundi wengine wa 1972 wapatao 162,000. Mwaka uliofuata nikapata ujasiri wa kwenda kwa wakili. Kwanza alitulazimisha tupate nakala ya mkataba, na hilo peke yake lilichukua miezi miwili. Alipoupata aliusoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari, hadi ukurasa wa tatu. Akaniuliza, "Albamu yako ya kwanza ilitoka lini?" Nikamwambia haijatoka. Akaugeuza ule ukurasa upande wangu. Uliandikwa hivi: mkataba utadumu miaka 10 tangu siku ya kutolewa kwa albamu ya kwanza.

Albamu haijatoka, kwa hiyo miaka 10 haijaanza. Miaka sita niliyokuwa nimeshakaa ilikuwa haihesabiki. Ningeweza kufungwa pale mpaka nizeeke. Niliachiwa baada ya barua kadhaa, kwa sharti kwamba zile nyimbo nne nisizidai. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka.

Ni siku hizohizo mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu habari za Rita Ora, mwimbaji wa Uingereza. Nilikuwa namjua kwa nyimbo tu, sikujua kwamba naye ni mtoto wa wakimbizi. Alizaliwa Pristina, Kosovo, Novemba 1990, na mwaka uliofuata wazazi wake, Waalbania, wakakimbilia London naye akiwa mchanga, wakati Waalbania wa Kosovo wakifukuzwa kazi na shule zao zikifungwa. Mama yake ni daktari wa magonjwa ya akili. Baba yake aliendesha baa, na binti aliimba humo. Jina la ukoo wao ni Sahatçiu, lenye asili ya Kituruki, maana yake fundi saa. Saa hiyo na saa yetu ni neno moja, yote mawili yametoka Kiarabuni. Waingereza walishindwa kulitamka, familia ikaongeza Ora, ambalo kwa Kialbania nalo ni saa. Mimi nisingeweza kulisahau jina la namna hiyo, kwa yale niliyokuwa nimetoka kusoma kwenye ukurasa wa tatu.

Rita alisaini na Roc Nation, lebo ya muziki ya Jay-Z, mwaka 2008 akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 nyimbo zake tatu, "Hot Right Now" aliyoimba na DJ Fresh, "R.I.P." na "How We Do (Party)", zote zilishika namba moja Uingereza, na albamu yake ya kwanza ikafuata. Ukiwa nje unasema huyu amefika. Desemba 2015 akaishtaki lebo yake mahakamani, California. Alidai kwamba watu waliomsajili walishaondoka, kwamba anajigharamia mwenyewe, na kwamba kazi alizorekodi zimekaa, imetoka albamu moja tu. Hoja kubwa ya mawakili wake ilikuwa muda: sheria ya California hairuhusu mtu kufungwa na mkataba wa kazi yake binafsi kwa zaidi ya miaka 7. Lebo nayo ikamfungulia madai ya dola milioni 2.4. Mwaka 2016 wakamalizana, akahamia lebo ya Atlantic. Albamu yake ya pili, "Phoenix", ilitoka mwaka 2018, miaka sita baada ya ya kwanza.

Sisemi maisha yake na yetu ni sawa. Yeye alikulia mahali penye shule za sanaa, na mawakili wa kuupambania mkataba wake. Mtoto wa Nyarugusu leo hawezi kutoka kambini bila kibali, achilia mbali kwenda studio. Lakini kama mtu mwenye nyimbo tatu za namba moja anaweza kukwama miaka mingi hivyo, wewe unayeimba harusini Njiro huna sababu ya kuona aibu kuuliza maswali.

Kwa hiyo mdogo wangu, la kwanza ni muda, na hapa sitaacha kurudia. Usitazame idadi ya miaka peke yake. Tazama inaanza kuhesabiwa lini. Iandikwe tarehe ya kalenda. Mkataba ukisema "tangu albamu itoke" au "tangu gharama zirudi", jua kwamba ufunguo wa saa yako uko mfukoni mwa mtu mwingine. Na kiwepo kipengele cha wao wasipotoa kazi: wasipotoa ndani ya miezi kadhaa mliyokubaliana, uwe huru.

Masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo ulizoimba, ni za nani? Uliza kwa maneno hayohayo. Rita Ora alipoingia lebo ya BMG mwaka 2022, makubaliano yalikuwa kwamba masta za kazi zake mpya ni zake. Ilimchukua zaidi ya miaka 10 kufika hapo. Wewe huenda usizipate leo, lakini ujue umeziacha, na umeziacha kwa kipi.

Usisaini siku unayopewa karatasi. Nenda nayo nyumbani, ilale. Anayekutakia mema atasubiri wiki. Nakala yako uondoke nayo siku hiyohiyo.

Mashairi yako yanalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tangu ulipoyaandika, hata kabla ya kusajili. Lakini bila ushahidi utabaki kulia kwenye kifodi kama mimi. Weka tarehe kila ukurasa, piga picha, jirekodi kwa simu, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Daftari lisilale studio, hata usiku mmoja.

Kuhusu jina, jina fupi la jukwaani si dhambi. Baya ni kulificha lako kwa hofu, maana anayejua unachoficha ana kamba ya kukuvuta. Yule mwenye studio hakuwahi kunitishia. Hakuhitaji, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajitisha. Rita alirudi Pristina kupiga video mwaka 2012, na Februari 2018 akaimba hukohuko Kosovo ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Mimi Pristina yangu ilikuwa ukumbi mmoja Kijenge, mwaka 2015, mshereheshaji aliponiuliza anitambulisheje nikamtajia lile jina alilonipa bibi. Alilikosea mara mbili. Nikamrekebisha kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi.

Na shukrani? Mshukuru aliyekusaidia. Mtaje kwenye shoo, mpelekee mama yake kitenge, mwimbie bure harusini kwake. Usimlipe kwa saini.

Yule binti hakwenda Jumamosi. Alirudi kwangu baada ya siku tisa, safari hii na mama yake, bahasha ileile imekunjika pembe. Miaka 8 imekuwa 4. Na ule mstari wa albamu umekatwa kwa kalamu ya bluu, saini mbili pembeni, juu yake tarehe imeandikwa kwa mkono.