Swali Moja Lilinila Dakika Sita

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji. Jina lake silitaji, ila ameniruhusu niuweke hapa: "Dada, hesabu nazijua. Nikikaa mezani bila saa napata karibu zote. Ikiwekwa saa, nafika swali la 16 muda umekwisha. Nimebakiwa na wiki tatu kabla ya GMAT. Nifanye nini?"

Niliusoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikakaa kimya. Ule ujumbe ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, miaka michache iliyopita. Nilikuwa na madaftari manne yamejaa hesabu zilizofanywa vizuri, na nilikuwa nashindwa mtihani.

Kwa ambao bado hawajaugusa: GMAT ni mtihani wa kuombea shahada za juu za biashara, na ya sasa ina sehemu tatu, na kila sehemu ni dakika 45. Hesabu ina maswali 21, lugha ina maswali 23, uchambuzi wa data una maswali 20. Jumla ni saa mbili na robo, na katikati unaruhusiwa mapumziko ya dakika 10 ukiyataka. Alama zinaanzia 205 na kuishia 805. Gawa dakika 45 kwa maswali 21, utapata dakika mbili na sekunde nane hivi kwa kila swali la hesabu, na hesabu hiyo inafanywa bila kikokotoo, maana kikokotoo kimeruhusiwa kwenye sehemu ya data peke yake. Tena huruki swali. Kompyuta haikuonyeshi la sita mpaka umelijibu la tano.

La tano ndilo lililoniangusha mara ya kwanza.

Lilikuwa swali la mwendokasi, magari mawili yanafuatana, la nyuma litalikuta la mbele baada ya muda gani. Maswali ya aina ile nilikuwa nimeyafanya mpaka nayaota. Nikaandika mlinganyo, nikapata jibu, nikainua macho kwenye kioo: jibu langu halimo kati ya yale matano. Nikafuta, nikaanza upya. Halimo. Hapo kitu kilinipanda kifuani. Nikajiambia, hili nalijua, siliachi, haiwezekani swali jepesi hivi linishinde siku ya leo. Nikaanza mara ya tatu. Nilipochagua jibu hatimaye, nilichagua kwa hasira, na lilikuwa si lenyewe. Baadaye ripoti ya matokeo ilinionyesha nilikaa pale dakika 5 na sekunde 52.

Kuanzia pale nilikuwa nakimbizana na saa iliyo pembeni ya kioo. Maswali manne ya mwisho sikuyaona kabisa. Na mtihani huu una adhabu kwa anayeacha sehemu bila kuimaliza, kwa hiyo hata kubahatisha kungenisaidia kuliko kuyaacha. Nilipata 535. Vyuo nilivyokuwa navitamani vilitaka zaidi ya hapo kwa mbali.

Nilipompelekea habari mtu aliyekuwa akinifundisha, nikiwa nimemlipa akiba yangu yote, aliniambia kuna vichwa ambavyo havikuumbwa kwa ajili ya mitihani ya saa. Aliyasema kwa upole, kana kwamba ananifariji. Maneno yale bado yako nami. Sijamsamehe kikamilifu, na sioni haya kulisema. Mwanafunzi aliyekuja kwako amejeruhiwa humpi hukumu juu ya kichwa chake. Unamwomba ripoti yake, mnakaa chini, mnaisoma.

Mimi wakati ule sikuisoma ripoti. Niliamini tatizo ni kasi, basi nikajifunza kukimbia. Wiki tano baadaye nikarudi (sheria inataka zipite angalau siku 16 kati ya mtihani na mtihani) na safari hii nikamaliza hesabu zikiwa zimebaki dakika tisa. Dakika tisa! Nilitoka chumbani nikijiona shujaa. Matokeo yakaja kwenye kioo: 525. Nimeshuka. Swali limeuliza x toa y, mimi nimejibu x. Swali limesema namba kamili chanya, mimi nimesoma namba kamili tu nikaweka na sifuri. Wazee wetu walituachia haraka haraka haina baraka, wakatuachia pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mimi kwa wiki tano nilikuwa nimepigwa na zote mbili.

Nilikaa miezi kama miwili bila kugusa kitabu. Sehemu hiyo naipita.

Kilichonirudisha ni zile ripoti mbili. Usiku mmoja nilizifungua kwa mara ya kwanza kwa makini, nikachukua karatasi, nikaorodhesha kila swali la hesabu la mtihani wa kwanza na muda nilioutumia. Maswali niliyokaa nayo zaidi ya dakika tatu yalikuwa sita. Kati ya hayo sita nilikosa matano. Nikajumlisha muda wake: dakika 22. Karibu nusu ya sehemu nzima nimeitoa, nikapata swali moja. Yale mengine kumi na moja niliyoyajibu yalinichukua dakika mbili mbili tu, na mengi yalikuwa sahihi.

Nilisimama nikazunguka chumba. Sikuwa mzito kama nilivyoambiwa. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida kabisa kwenye maswali niliyoyaweza, na yale yasiyonitaka nilikuwa nayang'ang'ania mpaka yananimaliza. Muda wangu ulikuwa unaliwa na kiburi.

Basi, mdogo wangu uliyeniandikia, hilo ndilo jibu langu na sina jingine kubwa zaidi ya hilo: jifunze kuachilia swali. Mengine yote nitakayosema hapa ni namna ya kulifanya hilo moja.

Kuachilia kunahitaji mazoezi kama hesabu yenyewe, kwa sababu moyo hautaki. Nilijiwekea kanuni ya nusu dakika. Nimesoma swali, nimeelewa linauliza nini, halafu ndani ya sekunde 30 nijue njia yangu ya kuanzia. Jibu si lazima nilijue, njia tu. Sina njia? Nakata majibu yasiyowezekana, nachagua moja katika yaliyobaki, naliwekea alama, naondoka. Mtihani wa sasa unakuruhusu kuweka alama kwenye maswali na kuyarudia mwisho wa sehemu kama muda umebaki, na unaweza kubadilisha majibu matatu. Matatu tu. Kwa hiyo nilijipa ruhusa ya kuachilia maswali matatu kila sehemu, nikaiandika ruhusa hiyo kwenye karatasi ya kwanza kabla sijaanza: nukta tatu, doti kama ninavyoziita. Nikiachilia swali nakata doti moja. Utashangaa jinsi doti iliyochorwa na mkono wako inavyoweza kukutuliza. Swali likija gumu huoni tena kwamba umeshindwa, unaona umetumia kitu ulichokuwa umejiwekea.

Na ukiwa na njia lakini hesabu inakupeleka kusikoeleweka? Ukiona jibu lako halimo kwenye matano, rudia mara moja. Mara moja tu. La pili likikataa, achilia. Mimi najua gharama ya mara ya tatu.

Jambo la pili ni kutokuangalia saa kila swali. Nilikuwa naitazama baada ya kila jibu, na kila nikiitazama mapigo ya moyo yanapanda. Kwenye hesabu kuna bahati nzuri ya namba: 21 hugawanyika na tatu, na 45 pia. Maswali saba, dakika kumi na tano. Ukimaliza la 7 saa inatakiwa ionyeshe 30, ukimaliza la 14 ionyeshe 15. Tazama mara hizo mbili, basi. Kwenye lugha mimi nilitumia 30 baada ya la 8, na 14 baada ya la 16. Sehemu ya data sikuipangia vituo vingi, kwa sababu maswali yake hayalingani uzito: kuna mafungu yenye kurasa kadhaa za kusoma ambayo yanabeba maswali matatu, ukisoma vizuri la kwanza linakula dakika nne na mawili yanayofuata yanakwenda haraka. Pale nilitazama mara moja, katikati: nimemaliza 10, nataka niwe na dakika 22 mkononi.

Ukikuta uko nyuma dakika mbili kwenye kituo, usijaribu kuzifidia kwa kukimbia maswali matano yanayofuata. Hivyo ndivyo nilivyoipata 525. Tumia doti moja. Swali gumu la kwanza litakalokuja, libahatishe ndani ya sekunde 20, utarudi kwenye mstari, na mengine yote utayasoma kwa utulivu wako wa kawaida.

Halafu kuna kasi inayokuja yenyewe, bila kukimbia. Hii hujengwa nyumbani. Swali linasema: tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 50 ni ipi? Mtu asiyezoea ataanza kuzidisha na atazama. Aliyezoea anaandika 7, 9, 3, 1, anaona zinajirudia kila baada ya nne, 50 ukigawa kwa 4 inabaki 2, jibu ni 9. Sekunde 20. Au yale maswali ya utoshelevu wa data, yanayouliza tu kama taarifa mbili ulizopewa zinatosha kulijibu swali, ambayo majibu yake matano hayabadiliki kamwe: taarifa ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, mbili kwa pamoja, kila moja kwa nafsi yake, au hazitoshi hata zikiunganishwa. Ukiyajua kwa moyo hayo matano husomi tena majibu, unasoma swali tu. Tena swali likiwa x ni ngapi, hakuna aliyekuomba uitaje, unaulizwa tu kama inaweza kupatikana. Ukiambiwa x mraba ni 49, na taarifa ya pili inasema x ni kubwa kuliko sifuri, huhitaji kuandika chochote: kila moja peke yake haitoshi, pamoja zinatosha, songa mbele. Niliwahi kupoteza dakika nzima nikitafuta majibu ambayo hakuna mtu aliyeyauliza.

Nisikufiche, mazoezi haya yalinichosha kuliko kusoma mada mpya. Kila siku nilifanya fungu moja la maswali saba kwa dakika kumi na tano. Fungu moja, si kumi. Likiisha naandika pembeni ya kila swali muda niliotumia, na kama nimezidi dakika tatu najieleza kwa maandishi kwa nini sikuondoka. Sababu zilikuwa zilezile: "nilidhani nimekaribia." "Nilishatumia dakika mbili, nikaona hasara kuacha." Soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Dakika mbili zilizokwenda hazirudi, uliache swali au usiliache. Unaloamua pale ni iwapo utaongeza nyingine mbili juu yake. Watu wanapoteza mitihani hapo, na nje ya mitihani wanapoteza miaka hapo hapo, kwenye kazi zisizowataka na urafiki uliokwisha siku nyingi, kwa kuwa tu wameshatumia muda. Tujifunze kuondoka.

Mara ya tatu nilianza na lugha, kwa kuwa mtahiniwa anachagua mwenyewe mpangilio wa sehemu, na mimi hesabu huniogopesha asubuhi. Hesabu ikaja ya pili. Swali la nne lilikuwa la uwezekano, limeandikwa kwa maneno mengi, na nilihisi kile kitu kinanipanda tena kifuani. Nikahesabu hadi thelathini. Sikuwa na njia. Nikachagua B, nikaweka alama, nikakata doti. Mkono ulitetemeka, nakiri. La tano lilipofunguka lilikuwa la asilimia, nikalimaliza kwa dakika moja na nusu. Nilifika la 21 nikiwa na dakika tatu na sekunde kadhaa, nikarudi kwenye lile la uwezekano, na baada ya kupumua niliona mara moja kwamba ilikuwa rahisi zaidi kutafuta uwezekano wa tukio kutokutokea kisha kuutoa kwenye moja. Nikabadilisha B kuwa D. Jumla ilikuwa 655. Vyuo vitatu niliomba, viwili vikanikubali, kimoja kwa ufadhili. Nimeandika namba hiyo hapa kwa makusudi, na kama yule mwalimu anasoma, aione.

Sasa wewe, na wiki zako tatu. Usifungue mada mpya. GMAC, wenye mtihani, wanatoa majaribio mawili ya bure kwenye tovuti yao, na wengi huyamaliza yote mawili wikendi moja kisha wanabaki hawana cha kujipimia. Fanya la kwanza Jumamosi hii, saa ileile utakayofanya mtihani, simu ikiwa chumba kingine. Chora doti zako tatu kabla ya kila sehemu. Likiisha usitazame alama kwanza, chukua karatasi uandike maswali yote yaliyokula zaidi ya dakika tatu na mangapi kati ya hayo uliyapata. Kisha siku kumi na mbili za saba kwa kumi na tano, kila siku fungu moja. La pili lifanye wiki moja kabla ya siku yenyewe.

Hiyo karatasi ya Jumamosi nitumie picha yake. Nitaisoma yote.