Je, buibui warukaji waliishi na mjusi wa Tendaguru?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia hapa Lindi. Juzi niliwapeleka wanafunzi Tendaguru, na mmoja akauliza kama hawa buibui wadogo wanaorukaruka ukutani walikuwepo enzi za dinosaria. Nikamwambia ndiyo: wapo Afrika, Amerika hadi Australia, na zamani mabara hayo yalikuwa kitu kimoja, kwa hiyo lazima walisambaa kwa miguu kabla hayajaachana. Nilimjibu sawa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kuwatoa watoto darasani. Hoja yako ya mabara ni nzuri, na kwa viumbe wakongwe inasimama. Kwa buibui warukaji haisimami, na sababu ni umri wao.

Miamba ya Tendaguru ina miaka kama milioni 150. Yule mjusi mkubwa, yaani dinosaria, ambaye Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, ni wa zamani hizo. Buibui wa aina nyingine walikuwepo tayari. Familia ya warukaji, Salticidae, ilikuwa bado. Visukuku vyao vya zamani kabisa tunavyovitambua bila wasiwasi vimetoka katika kaharabu ya upande wa Bahari ya Baltiki, huko Ulaya, yenye miaka kama milioni 44 au zaidi kidogo. Kati yao na mjusi wetu kuna pengo la miaka milioni 100. Hesabu za vinasaba nazo haziwafikishi karibu na enzi ya Tendaguru.

Kuwaeleza watoto kaharabu ni nini, huna haja ya kwenda mbali. Wazee wa pwani yetu walichimba sandarusi ardhini na kuiuza Unguja, ikasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliogandia ardhini. Ukiinua kipande chake juani, mara nyingine utamwona mdudu ndani, mabawa yamekunjuka kana kwamba amenaswa asubuhi hii. Sandarusi yetu kwa kawaida ni changa, ya mamia au maelfu ya miaka. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa mamilioni ya miaka ukawa mgumu kama kijiwe. Mrukaji wa Baltiki amehifadhiwa hivyo hivyo, na unamjua kwa uso: macho mawili makubwa yanayotazama mbele, kama taa za gari. Baadhi yao ni wa ukoo uitwao Hisponinae. Ulaya ukoo huo umekwisha kabisa, lakini leo bado upo Afrika, Madagaska na Asia ya kusini. Mimi hilo linanigusa kila ninapolifikiria: ndugu wa hao waliofia kwenye utomvu wa Baltiki wako hai upande wetu.

Sasa rudi kwenye mabara. Afrika na Amerika Kusini ziliachana yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kama warukaji wangesambaa kwa miguu kabla ya hapo, kila tawi kubwa la ukoo wao lingekuwa na watu wake pande zote za bahari. Vinasaba vinaonyesha sura nyingine. Familia hii ina spishi zaidi ya 6,000, hakuna familia ya buibui iliyoizidi, na zaidi ya tisa ya kumi ya spishi hizo ni za kundi moja, Salticinae. Ndani ya kundi hilo kuna tawi lililostawi Amerika Kusini, Amycoida. Kuna Marpissoida, ambao wengi wao wako Amerika. Kuna Astioida wa Australia na Asia. Na kuna tawi kubwa lililoenea hasa Afrika, Ulaya na Asia. Yaani kila upande wa dunia ulipata wageni wachache, kisha ukazalisha warukaji wake wenyewe.

Wageni hao walivukaje? Mtoto wa buibui hupanda mahali pa juu, huinua tumbo, huachia uzi, na upepo humchukua. Wengine huenda na magogo yanayoelea. Upepo huohuo ndio unaomlisha Euophrys omnisuperstes, mrukaji aliyekutwa kwenye miteremko ya Everest kwenye mita 6,700 hivi, ambako huishi kwa wadudu wanaopeperushwa kutoka mabondeni. Na siku hizi kuna meli. Menemerus bivittatus, yule wa kijivu mwenye michirizi anayewinda nzi kwenye kuta, anaaminika kuwa asili yake ni Afrika, na leo yuko karibu nchi zote za joto.

Kwa wanafunzi wako, somo zuri kuliko yote liko kwenye mkorosho. Tafuta mti wenye viota vya chungu waitwao maji moto, yale majani yaliyoshonwa pamoja. Kaa kimya, tazama tawi moja kwa dakika kumi. Katika mikorosho ya Mtwara nimewahi kuona "chungu" mmoja anayetembea kwa kusitasita, akiwakwepa wenzake badala ya kugusana nao. Nilipomkaribia, akageuza uso akanitazama. Chungu hafanyi hivyo. Alikuwa Myrmarachne: mwili mwembamba uliobanwa kiunoni, miguu ya mbele ameiinua kama papasi za chungu. Anavyofanana na chungu, ndege na wadudu wengi humwogopa.

Amerika Kusini nako wapo warukaji wanaoiga chungu, kwa mfano Synemosyna, na ukiwaweka kando ya huyu wetu utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Yule ni wa tawi la Amycoida, huyu ni wa Astioida, tawi ambalo jamaa zake wengi wako Asia na Australia. Kila mmoja alifikia umbo la chungu kwa njia yake.

Kwa hiyo mwambie yule mwanafunzi kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba jibu limebadilika. Kisha mpeleke mkoroshoni. Akiona chungu anayesita, ahesabu miguu: chungu ana sita, huyu ana minane.