Barua Zenu: Saa moja na sekunde arobaini

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba nilifanya kazi miaka saba mlangoni mwa bembea kubwa katika mbuga moja ya burudani kule Florida. Tangu hapo barua zenu zimekuwa za foleni tu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ilinikosesha usingizi.

Shikamoo mama. Sisi tunaishi Houston, kwetu Morogoro. Tuliweka akiba miaka miwili ili watoto wetu watatu wafike Florida. Bembea waliyoiota ilikuwa mpya na haikuwa na foleni ya kusimama. Nafasi zilitolewa kwenye simu, saa moja kamili asubuhi. Niliamka saa kumi na moja nikakaa na simu mkononi. Ilipofika saa moja na sekunde arobaini nikaambiwa zimekwisha. Saa saba mchana nikajaribu tena, ikawa vilevile. Nilipouliza mlangoni, kijana akanijibu, "Pole mama, ni foleni kama foleni nyingine." Naomba uniambie, ile ni foleni kweli?
*Mama wa Watatu, Houston*

Marahaba, mwanangu. Hapana, haikuwa foleni. Ulicheza bahati nasibu, na hakuna aliyekwambia.

Foleni ina sharti moja ambalo hata mtoto anayetumwa maji analijua: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupata. Nimekulia Tanga. Bombani kwetu ndoo zilipangwa kabla ya adhana ya alfajiri, na ndoo ya mtu ilisimama badala ya mtu. Ukichelewa, ulihesabu ndoo zilizo mbele yako ukaamua mwenyewe: nisubiri au niende kisimani? Hata aliyekosa maji alijua amekosa kwa nini. Wewe uliamka saa kumi na moja, na kule kuamka kwako hakukuhesabiwa popote. Aliyefumbua macho saa moja kasoro dakika moja, mwenye simu nyepesi na intaneti nzuri, alikupita, na hukumwona akikupita.

Utaratibu huu ulijulikana sana tarehe 5 Desemba 2019, ilipofunguliwa bembea ya Rise of the Resistance katika Disney's Hollywood Studios, mbuga ya Disney kule Florida. Siku zile za mwanzo ulilazimika uwe tayari ndani ya mbuga, kwa hiyo watu walifika usiku wa manane, wengine wakiwa wamebeba watoto waliolala, na lango lilipofunguliwa nafasi zikaisha mapema. Mwishoni mwa 2020 wakabadilisha: saa moja asubuhi popote ulipo, hata kitandani, halafu duru ya pili mchana kwa walioko mbugani. Zikafuata bembea nyingine za Disney: Cosmic Rewind katika mbuga ya Epcot mwaka 2022, Tron mwaka 2023, Tiana's Bayou Adventure mwaka 2024. Ukipata nafasi ulikuwa unapewa namba ya kundi. Ukipata namba kubwa sana ulikuwa unaambiwa wewe ni wa akiba, yaani bembea ikiharibika mchana huenda usiitwe kabisa.

Nataka niwe mkweli kwako: waliobuni hili walikuwa na sababu. Tarehe 13 Juni 2019, siku ya ufunguzi wa bembea ya Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure pale Islands of Adventure, mbuga ya Universal huko huko Florida, bango la muda wa kusubiri lilifika dakika 600. Hizo ni saa kumi za kusimama, Florida, mwezi wa Juni. Mimi nimesimama upande wa pili wa kamba kwenye foleni fupi kuliko hiyo. Nimewaona watu wazima wakikaa chini ghafla kwa joto. Nimewaona waliosubiri tangu asubuhi wakirudishwa saa kumi jioni kwa sababu radi imeanza, na radi ikiwa karibu bembea ya nje haitembei. Simu inawapumzisha watu miguu, na hilo ni jema. Nafasi haiongezi hata moja.

Kwa hiyo sitaki foleni ya simu ifutwe. Nataka iitwe kwa jina lake na iendeshwe kama kura ya haki. Waache watu wajiandikishe tangu jioni ya jana hadi asubuhi, kwa utulivu, bila mashindano ya vidole. Kura ipigwe na kila mtu ajulishwe kabla hajatoka hotelini. Aliyekosa leo atangulizwe kesho. Na mwenye tiketi ya siku moja tu, aliyesafiri kama wewe, awekwe mbele ya anayeishi jirani na ameshapanda mara sita. Kompyuta yao inajua tiketi ya nani ni ya siku ngapi. Wanachokosa ni uamuzi.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja baba mmoja na binti wa miaka sita hivi. Mtoto alikuwa na viatu vya soli nene, vipya, kwa sababu kipimo chetu kilikuwa sentimita 102 na nyumbani walikuwa wamempima akapungukiwa. Alisimama kwenye fimbo ya kipimo, akafika. Akanitazama akiwa amenyoosha shingo. Kisha baba akaniambia hawana namba, walikosa asubuhi, na kesho wanaondoka. Sikuwa na mamlaka ya kuwapitisha. Niliwaelekeza kwenye bembea nyingine na nikarudi kwenye kamba yangu. Viatu vile naviona mpaka leo.

Tron ilifunguliwa foleni ya kawaida Septemba 2024, na Cosmic Rewind Februari 2025. Mkirudi, hizo mtapanga mstari kama watu. Ingieni lango linapofunguka na mwende moja kwa moja, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya picha.

Assalam alaykum. Mimi nipo Muscat, na kila mwaka tunavuka na familia kwenda Yas Island, Abu Dhabi. Ferrari World ninalipia njia ya haraka, na ninapowapita watu waliosimama najisikia vibaya. Mke wangu anasema tumelipa, ni haki yetu. Tusuluhishe.
*Baba Yusra, Muscat*

Wa alaykum salaam, baba. Mkeo hajakosea, na moyo wako haujakosea. Ulichonunua kimeuzwa halali. Ila ukiuliza kimetoka wapi, kimetoka kwa wale waliosimama.

Fuata hesabu hii pamoja nami. Tuseme bembea inachukua watu 1,200 kwa saa, na mbele yako wamesimama watu 1,800. Utasubiri saa moja na nusu. (Msomi mmoja, John Little, alithibitisha kanuni ya hesabu hii mwaka 1961, lakini wachuuzi wa soko lolote waliijua zamani.) Sasa mbuga iuze nafasi 800 kati ya zile 1,200. Kwenu msiolipa zimebaki 400 kwa saa. Watu mbele yako ni walewale 1,800, hakuna aliyeongezeka kwenye mstari wako, na kusubiri kwako kumekuwa saa nne na nusu. Mbuga ingeuza sehemu moja tu kwa tano, yaani nafasi 240, ungesubiri kama dakika 22 zaidi. Hizo mtu anaweza kuzivumilia.

Ndiyo maana mimi naangalia kiasi kinachouzwa, kwa sababu ubaya wa njia ya kulipia uko hapo. Na kiasi hicho mbuga hazikionyeshi. Bango la mlangoni linakupa dakika za kusubiri peke yake. Zamani tulizipima hivi: mgeni mmoja alipewa kadi nyekundu mwisho wa mstari, akaikabidhi mbele, tukajua amechukua muda gani. Dakika tulizijua. Ni nafasi ngapi za saa ile zilikuwa zimeshauzwa, hilo halikuandikwa popote.

Mimi nilisimama pale njia mbili zinapokutana. Upande wa kulia waliolipa, kushoto waliosubiri, na mkono wangu ukawa ndio sheria. Niliagizwa kupitisha wengi wa kulia, kisha wachache wa kushoto. Watu wa kushoto walikuwa wamesimama muda mrefu na sasa waliona lango hatua nne mbele yao. Kila nilipoinua kiganja kuwazuia, walitazama uso wangu. Hawakuwa wamekasirishwa na muda waliosimama, ule walikuwa wameshaukubali tangu walipoingia. Waliumizwa na kupitwa wakiwa wameshafika.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1999 Disney walileta FastPass: unaingiza tiketi kwenye mashine, unapewa karatasi yenye saa ya kurudi, bila malipo, tajiri na asiye nacho sawasawa. Anayejua mbinu alifaidi kuliko asiyejua, hiyo kasoro ilikuwepo, lakini pesa haikuingia. Mbuga zilipofungwa mwaka 2020 kwa Korona, FastPass haikurudi. Oktoba 2021 ikaja njia ya haraka ya kulipia, Genie+, kwa dola 15 kwa siku kule Florida. Mwaka 2024 wakaongeza Premier Pass, iliyoanza kwa bei ya dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja, kutegemea mbuga na siku. Familia ya watano ipige hesabu yenyewe.

Ningekuwa na sauti, ningedai mambo mawili. Mgawo wa njia ya kulipia usizidi sehemu moja kwa tano, na uandikwe mlangoni kwa tarakimu. Na bembea mpya isiuzwe kabisa msimu wake wa kwanza. Hilo linawezekana: Hagrid's ilipofunguliwa haikuwa na njia ya kulipia, na watu walikuja.

Wewe, baba, kama unataka kulala vizuri: lipia siku ambayo mbuga imejaa mno kwa watoto wako kuhimili, na siku nyingine mpange mstari nao. Bembea ya Formula Rossa pale Ferrari World inakimbia kilomita 240 kwa saa, wala haibagui aliyelipia.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kisauni, sasa niko Atlanta. Tulienda mbugani watu tisa. Wakanituma nishike nafasi, wao wakaenda kula. Waliporudi kuniungia, watu wa nyuma wakafoka na mhudumu akatutoa wote. Kwetu kushikiana nafasi ni ungwana. Tulikosa wapi?
*Kijana wa Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Mlikosa kwenye idadi. Aliyekuwa nyuma yako alihesabu mtu mmoja mbele yake, na kwa hesabu hiyo akaamua kukaa. Ghafla wakawa tisa. Hata bombani, mtu akiweka ndoo moja kisha akaja kujaza tisa, ndoo zake zitarushwa barabarani.

Kanuni niliyoitumia mlangoni ni rahisi: wachache wakitoka kwa wengi na kurudi, wapite. Mtoto amebanwa na haja, mama anampeleka, baba na wengine wanabaki kwenye mstari, hao nikiwaona wanarudi nilikuwa nawafungulia kamba mwenyewe. Wengi wakitaka kujiunga na mmoja, hapana.  Mkiwa na mtoto ambaye hajafikia kipimo, ulizeni mlangoni habari ya kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga upya. Hiyo ni halali na haina malipo. Na nyinyi vijana mnaoweza kukaa mbalimbali, tafuteni mstari wa mtu mmoja mmoja. Unajaza viti vilivyobaki, ambavyo vingeondoka vitupu, kwa hiyo humchukulii mtu chochote.

Mama, habari za kazi. Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Hawezi kubanwa kwenye mstari hata dakika kumi na tano, anaanza kujipiga. Tunakwenda Walt Disney World mwezi wa nane. Naona aibu kuomba tupitishwe, watu watasema tunatumia ugonjwa wa mtoto.
*Mama wa Toronto*

Dada yangu, aibu hiyo iweke chini kabisa. Utaratibu upo na uliwekwa kwa ajili ya mwanao. Unaitwa Disability Access Service. Na haukupitishi mbele ya mtu: kama mstari ni wa dakika 70, mnapewa muda wa kurudi wa karibu hivyo hivyo, mnasubiri mahali pengine, kwenye kivuli, mtoto akitembea anavyotaka. Mnasubiri kama wengine. Tofauti ni mahali pa kusubiria.

Watu wana maneno kwa sababu utaratibu wa zamani ulichezewa. Mwaka 2013 zilitoka taarifa za wenye pesa kukodi watu wenye ulemavu wawapitishe, na mwaka huohuo ukabadilishwa. Mwaka 2024 wakabana tena, na sasa unawalenga hasa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji. Naumia kwa ajili ya wagonjwa wengine walioachwa nje, maana mtu hachagui aina ya maumivu yake. Lakini mwanao yumo ndani ya maelezo yao.

Omba kabla hamjasafiri, kwa simu ya video. Mtoto awepo karibu. Usieleze jina la ugonjwa peke yake, eleza kinachotokea: dakika ya kumi anafanya nini, dakika ya kumi na tano anafanya nini. Hivyo ulivyoniandikia mimi ndivyo uwaambie wao.

Vizuia kelele vyake vya masikioni usiviache kwenye begi mnaloliacha kabatini. Kwenye bembea niliyoihudumia, chumba cha mwisho cha kusubiri kilikuwa na giza na kelele kuliko safari yenyewe, na ni pale watoto wengi walipotaka kurudi. Mwambie mhudumu wa kwanza utakayemwona ndani kwamba huenda mkatoka. Kuna mlango wa pembeni, na yeye anaujua.