Akiba ya Mama Ikibaki ya Miezi Minne

Dada mmoja wa Kisauni ameniandikia. Mamake ana miaka 78, kiharusi kimemlaza upande wa kulia, na yuko katika nyumba ya kulelea wazee inayodai ada kila tarehe tano. Pesa za kiwanja walichouza zimebaki za miezi minne. Anauliza: wangoje ziishe ndipo waitane kikao cha kumrudisha nyumbani?

Msingoje, dada yangu. Hiyo miezi minne ndiyo mtaji wenu. Kumrudisha mgonjwa nyumbani kuna gharama zinazokuja zote siku moja: kitanda, godoro, kiti cha choo, mshahara wa kwanza wa msaidizi. Familia inayongoja shilingi ya mwisho humtoa mzazi kwa deni, humlaza kwenye sponji iliyobonyea, na mwezi haujesha wako hospitali kuu ya Makadara na kidonda cha kiunoni. Panga kumhamisha ukiwa bado na pesa za miezi miwili mkononi. Wenye nyumba ya wazee wapeni notisi kwa maandishi, na muwaulize mapema kama amana mliyoweka itarudishwa au itakatwa kwenye ada ya mwisho.

Tafuteni kwanza pesa zilizo zake tayari. Kama aliwahi kuajiriwa, hata miaka michache, nendeni NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, na kitambulisho chake. Umri wa kudai mafao ya uzeeni ameshaupita, na wapo wazee hawajawahi kuyagusa. Akaunti zilizolala na hisa zilizosahauliwa hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Piga *361# uangalie kama kuna zake au za marehemu mumewe. Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Hupitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, na huchelewa. Usiipangie matumizi ya lazima.

SHA, bima ya afya ya serikali, hailipi ada ya nyumba ya wazee wala mshahara wa msaidizi. Watu hupoteza wiki nzima wakibishana na karani juu ya hilo. Inacholipia ni hospitali, mchango ukiwa umelipwa. Na mama haingii chini ya jina lako, maana jina lako hubeba mwenzio na watoto tu. Yeye ajisajili mwenyewe kwa *147#. Mchango wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Lipeni huo kabla hamjanunua hata mto. Dawa za presha anzeni kuzitafuta kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali, ambako aliyesajiliwa hatozwi, kabla ya kukimbilia duka la dawa la barabarani.

Sasa nyumba. Dada huyu anasema nduguye mkubwa ataka nyumba ya mama iuzwe. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ardhi ni ya mtu mwingine, na wao hulipa kodi ya kiwanja tu. Nyumba isiyo na ardhi haina hatimiliki, benki haiishiki rehani, mwenye ardhi lazima akubali, na mnunuzi atakupa bei ya matofali na mabati. Pesa hizo zitaliwa kwa mwaka mmoja, kisha mama hana pa kulala. Pangisheni vyumba vya mbele vinavyotazama baraza, mama akae chumba cha nyuma kinachopakana na uani, karibu na choo na maji. Kodi ya vyumba hivyo iende moja kwa moja kwa msaidizi, isipite mkononi mwa mtoto yeyote. Kama nyumba ni wakfu, mjadala wa kuuza umekwisha kabla haujaanza: wakfu hauuzwi.

Kama kuna shamba lenye hati kwa jina lake, tazameni akili yake leo. Akiwa bado anaelewa anachotia saini, nendeni kwa wakili aandike hati ya uwakili na isajiliwe. Akili ikishapotea hati hiyo haina nguvu tena, hata iliyoandikwa zamani, na mtalazimika kwenda Mahakama Kuu kuomba msimamizi wa mali yake. Nduguyo anayesema "mama atapiga kidole gumba tu" anawatafutia kesi.

Zaka: yako wewe huwezi kumpa mamako, kwa kuwa kumlisha ni wajibu wako tayari. Binamu na majirani waweza kumpa, akiwa anastahili. Msione haya kuwaambia.

Gharama kubwa nyumbani ni watu. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani mjini Mombasa kilipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113.75, na sheria yampa siku moja ya mapumziko kila wiki. Msaidizi mmoja hawezi mchana na usiku. Atavumilia wiki tatu, ya nne ataondoka alfajiri bila kuaga, na mtamlaumu yeye. Mwekeni wa mchana kwa mshahara, usiku ugawanywe na watoto kwa zamu iliyoandikwa. Nesi wa kumlipa kila siku hahitajiki. Anahitajika wa kuja kwa kazi maalumu kama kufunga kidonda.

Na usiku ndipo pesa huvujia, kwa vidonda vya kulalia. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, aegemezwe upande kidogo kwa mto mgongoni, si kulazwa ubavu mzima. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Tandikeni leso iliyokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike pembe zake, wamnyanyue na kumsogeza. Ukimburuta kwa kwapa, ngozi inabaki kwenye shuka. Kila asubuhi bonyeza kwa kidole pale penye wekundu juu ya mfupa wa kiuno: pakigeuka peupe kisha wekundu ukarudi, bado mna bahati. Pasipogeuka, kidonda kimeanza. Msipasugue wala kupakanda, mtoeni uzito hapo kabisa. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pimeni joto na ugumu kwa mgongo wa mkono. Godoro la hewa linalosukumwa kwa umeme ni zuri, ila stima ikipotea linaweza kunywea akalalia mbao. Wekeni sponji nzima chini yake.

Samadari ya harusi yake iacheni. Ni ndefu na pana, atakayemhudumia atavunjika mgongo. Tafuteni kitanda chembamba kinachofikika pande zote mbili.

Pampasi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi, pakiti kumi na mbili za kumi kumi. Mkalisheni kwenye kiti cha choo baada ya kila mlo na kila saa mbili mchana, pampasi zibaki za usiku, na hesabu hiyo yaweza kushuka nusu. Msiombe mpira wa mkojo ili kuokoa pampasi. Mpira huleta maambukizi, na wiki moja wodini itameza pampasi za miezi.

Kwenye kikao, neno "kila mtu atoe alichojaliwa" lisitajwe. Kila mtoto aandike kiasi na tarehe, benki ikate yenyewe. Anayelala na mama usiku ahesabiwe ametoa, kwa shilingi, kwa bei ambayo mngemlipa mtu wa nje. Kaka aliye Doha anayetuma vikaragosi vya mikono ya dua kwenye kundi la familia, dua tumezipokea, tunangoja tarehe.

Siku ya kumhamisha chagueni asubuhi ya Jumapili, barabara zikiwa wazi na mafundi wameshamaliza kutengeneza mlango wa choo. Ondokeni na orodha ya dawa yenye saa na vipimo, barua ya daktari, na dawa za wiki mbili. Kabla hajafika, mmoja wenu alale kwenye kile kitanda usiku mzima bila kujigeuza mpaka ageuzwe.