Kampuni kukulipia mafunzo ya udereva wa malori: niliyoyapitia mwenyewe hapa Lubumbashi

Mdogo wangu wa Kampemba, umeeleza kwamba una permi (leseni ya udereva) ya gari dogo, una miaka 24, na kwamba kampuni moja ya usafirishaji yenye yadi yake kwenye barabara ya Likasi imekubali kukulipia mafunzo ya wiki kumi pamoja na gharama za permi ya magari makubwa, kwa sharti la kuifanyia kazi miaka miwili. Umeuliza kama huo ni mtego, na kama wiki kumi zinatosha kumpeleka mtu Dar es Salaam na mzigo. Mimi niliingia kwenye malori kwa mlango huo huo, kwa mwajiri ambaye sitamtaja, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo kwanza na ndiyo ambayo wengi wetu tuliisoma mwisho. Mkataba wangu ulisema kwamba kampuni inabeba gharama zote za mafunzo, kwamba nitaitumikia miezi 24, na kwamba nikiondoka kabla ya hapo nitarudisha gharama hizo. Jambo hilo lenyewe halina ubaya, kwani hakuna mfanyabiashara atakayemfundisha mtu kazi ili kesho akamfanyie jirani. Ubaya ulikuwa katika yale ambayo karatasi haikuyasema. Haikutaja kiasi cha gharama, bali iliandika tu maneno "gharama za mafunzo" na kuniacha nijaze mwenyewe kichwani mwangu. Haikusema kama deni linapungua kila mwezi ninaofanya kazi, na matokeo yake mwenzangu aliyeondoka katika mwezi wa 20 alidaiwa kiasi kile kile alichodaiwa aliyetoroka katika mwezi wa tatu. Haikusema kitatokea nini iwapo wao ndio watakaonifukuza. Zaidi ya yote, miezi 24 haikuhesabiwa tangu siku niliyoingia darasani, ilihesabiwa tangu siku niliyokabidhiwa lori peke yangu, kwa hiyo miaka miwili yangu iliishia kuwa karibu miezi 30.

Basi omba mambo hayo manne yaandikwe: kiasi kwa tarakimu, jinsi kinavyopungua mwezi kwa mwezi, hali ya deni ukiachishwa kazi bila kosa lako, na tarehe ambayo hesabu inaanza. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uwe wa maandishi, na pale usipoandikwa inauchukulia kuwa ni wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inaweka ukomo wa miezi sita kwa kipindi cha majaribio cha mfanyakazi mwenye ujuzi, kwa hiyo ukiambiwa kwamba utakuwa "wa majaribio" mwaka mzima, ujue kwamba unadanganywa au anayekuambia hajui. Mkataba wenyewe huandikwa kwa Kifaransa cha kisheria, ambacho si kile tunachokisikia redioni, na si aibu kumpelekea mtu anayekijua akusomee kila mstari. Kuhusu permi yako, wape nakala, usiwape ile ya asili waifungie kabatini. Yangu ilikaa kabatini miezi minane, na katika miezi hiyo sikuweza hata kuomba kazi mahali pengine.

Sitasema mengi kuhusu darasa. Wiki tatu za kwanza zilikuwa za alama za barabarani, huduma ya kwanza, vipimo vya macho na masikio, na kanuni za migodi, ambako utapulizishwa kifaa cha kupima pombe getini kila uingiapo. Mtu aliyemaliza shule ya sekondari hatapata shida hapo.

Shida iko uwanjani. Kwenda mbele na lori kila mtu anajifunza kwa siku mbili, lakini kurudi nyuma na trela ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa usukani ukiukata kulia mkia wa trela unakwenda kushoto, na ukichelewa kuurudisha, kichwa, yaani lori lenyewe la mbele lenye injini, na trela hukunjana kama kisu cha mfukoni. Nilirudi nyuma kati ya mapipa mawili kwa siku kumi na moja kabla sijapita bila kuligusa hata moja. Usione haya kusimama, kushuka na kwenda kutazama nyuma kwa miguu yako. Mkufunzi wetu, mzee ambaye sote tulimwita Papa, alimpa alama nzuri aliyeshuka mara tatu, na alimkemea aliyepita mara moja kwa kubahatisha.

Siku moja katika wiki ya tano aliniagiza niunganishe kichwa na trela. Nilirudi taratibu, nikasikia mlio wa chuma kugonga chuma, nikafunga breki, nikaunganisha mipira ya upepo na waya za taa, nikaanza kukunja miguu ya trela. Papa akanishika mkono, akanipa tochi, akaniamuru nizime injini na nilale chali chini ya trela. Pale chini, kwenye grisi na vumbi, niliona kwamba pini ya trela ilikuwa imepita juu ya ile sahani nzito iliyo mgongoni mwa kichwa, kwa sababu trela lilikuwa limesimama juu kupita kiasi, na taya zinazopaswa kuikumbatia pini zilikuwa wazi kabisa. Mlio niliousikia ulikuwa wa pini kugonga mahali pasipo pake. "Sikio lako limekudanganya," akasema, "na ungefika mzunguko wa kwanza tu, trela lingebaki barabarani nawe ungeendelea na safari." Tangu siku hiyo sijawahi kuunganisha trela bila kulala chini na tochi, kisha kuvuta mbele kidogo huku breki za trela zimefungwa, ili nione kama linashika kweli.

Jambo la pili ambalo wageni hulichukulia kinyume ni breki za upepo. Wengi hudhani kwamba upepo ndio unaofunga breki za kuegesha, kumbe zinafungwa na springi, na upepo ndio unaozifungua. Ndiyo maana lori halisogei asubuhi mpaka mitungi ijae, na ndiyo maana mpira ukipasuka njiani magurudumu hujifunga yenyewe. Jizoeze kuzima injini mitungi ikiwa imejaa, kukanyaga pedali na kuishikilia kwa dakika moja ukitazama mshale wa kipimo cha upepo. Mshale ukiendelea kushuka, usiondoke, hata kama msimamizi wa safari anapiga kelele.

Baada ya uwanja utapanda na dereva mkongwe, na hapo ndipo mafunzo yenyewe yanapoanza. Huku kwetu tunaendesha kulia, ilhali Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na malori mengi yanayofika hapa yana usukani upande wa kulia. Maana yake ni kwamba katika barabara zetu dereva anakaa upande wa mtaro, wala hawezi kuona kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Utategemea macho ya msaidizi wako aliyekaa kushoto, na kama humwamini, usipite. Kinyume chake, ukivuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, utakuwa upande sahihi wa kuona, lakini mazoea yako yote yatakuwa upande usio sahihi. Kosa la kurudi kulia bila kujua halitokei kwenye msongamano, ambako magari mengine yanakuongoza. Linatokea alfajiri, unapotoka kwenye kituo cha mafuta na barabara ikiwa tupu.

Mizigo nayo ina tabia zake. Mabamba ya shaba yenye upana wa karibu mita moja hufungwa kwa mafungu ya tani mbili hadi tatu, na ukiona trela limebeba tani 30 za shaba unaweza kudhani ni nusu tupu, kwa kuwa mzigo haufiki hata magotini mwa mtu. Uzito wote uko chini, na hilo ni zuri kwenye kona, lakini fungu moja likiteleza mbele wakati wa breki hakuna ukuta wa trela utakaolizuia, kwa hiyo minyororo na mikanda hukaguliwa tena baada ya kilomita chache za kwanza. Asidi ya salfuriki inayopelekwa migodini kuyeyushia madini ni hadithi nyingine. Lita moja ya asidi iliyokolea ina uzito wa karibu kilo 1.84, kwa hiyo tani 30 hazifiki hata lita 17,000, na tangi kubwa hubaki na nafasi juu. Kimiminika hicho hukusukuma ukiwa umeshasimama na hukuvuta ukiwa kwenye kona. Mwajiri mwenye busara hampi mwanafunzi asidi, na wewe ukipewa mwaka wa kwanza, kataa kwa adabu.

Kisha kuna foleni ya Kasumbalesa, ambayo hakuna tangazo la mafunzo linaloitaja. Kutoka Lubumbashi ni kilomita 90 tu, lakini safari yangu ya kwanza ilichukua siku tano, na nne kati ya hizo nililala kwenye foleni. Dereva mkongwe alilala kitandani nyuma ya viti, mimi nikalala nimejikunja juu ya viti, na kazi yangu ilikuwa kuamka kila foleni iliposogea, kwa maana ukikawia dakika mbili mwingine anaingia mbele yako, na usingizi ukikuzidi unaamka na kukuta mazuti (dizeli) imefyonzwa tangini. Saa tisa za usiku, kwenye kilima, na tani zote zile mgongoni, nilianzisha na kusimamisha lori pengine mara mia bila kuliacha lirudi nyuma hata shubiri moja, kwa sababu aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amesogea mpaka taa zake zilijificha chini ya trela langu. Klachi niliijua pale, si uwanjani. Ukipewa zamu hiyo usinung'unike.

Kuhusu malipo, wakati wa mafunzo utapata posho ya chakula na nauli, si mshahara, kwa hiyo hakikisha nyumbani kuna wa kukushika mkono kwa miezi mitatu. Ukishaanza kazi, jihadhari na makato. Katika mwezi wangu wa pili nilikatwa bei ya tairi zima la trela, tairi ambalo lilikuwa na ufa tangu kabla sijalipokea. Nilibisha, nao wakanitolea fomu ya ukaguzi yenye sahihi yangu, ikisema matairi yote ni mazima. Niliitia sahihi gizani, kwa haraka, juu ya goti. Sasa hupiga picha kila tairi kwa simu kabla kalamu haijagusa karatasi. Kama ungependa kulalamika rasmi, anza kwa mkaguzi wa kazi, kwa sababu mahakama ya kazi haipokei mgogoro wa mtu mmoja ambao haujapita kwanza kwenye upatanisho wa mkaguzi.

Sasa swali lako la Dar es Salaam. Hapana, wiki kumi hazitoshi. Ni karibu kilomita 2,000, unavuka mipaka miwili, Kasumbalesa na kisha ule wa Zambia na Tanzania kati ya Nakonde na Tunduma, unapita mizani inayopima kila kundi la ekseli na si uzito wa jumla peke yake, na unatembea na kadi ya njano ya bima ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) ambayo ikiwa imepitwa na tarehe unalala njiani. Ukiwa na shaba, mteremko wa Kitonga mkoani Iringa unaushuka na mzigo wote mgongoni, kwa gia ya chini na breki ya injini tangu juu, kwa sababu anayeushuka kwa kukanyaga pedali atafika katikati breki zikitoa moshi. Mimi nilipewa Likasi na Kolwezi, humu humu nchini, kwa miezi minne, kisha Kasumbalesa na Ndola ya Zambia, na Dar es Salaam niliiona katika mwezi wa nane, nikiwa na mkongwe pembeni. Kampuni itakayokuahidi Dar mara baada ya wiki ya kumi ina upungufu wa madereva, nawe ndiwe utakayelipa upungufu huo.

Umeuliza mwisho kama nilijuta. Nilimaliza miezi yangu, nikaongeza mwaka mmoja kwa hiari yangu, kisha nikahamia kwa mwajiri mwingine upande wa Kolwezi. Cheti cha mwisho wa kazi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe mkataba unapokwisha, nilikipata baada ya kukiomba mara tatu, na tarehe ya kuanza kazi ilikuwa imekosewa. Nilikataa kukipokea mpaka waliposahihisha, kwa maana mwajiri mpya alikuwa anahesabu uzoefu kwa miezi.